Kompyuta ya mezani ya mwaka 2008 inakataa mfumo mpya: tatizo ni flashi au ni mashine yenyewe?

Mchapaji_wa_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu kwa jambo ambalo limeninyima usingizi siku ya tatu sasa. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core 2 Duo E8400, RAM ya GB 4 aina ya DDR2 na hadidiski ya GB 320. Mpaka leo inatumia Windows 7, na kazi zangu ni za kawaida: kuchapa nyaraka, kuweka hesabu kwenye majedwali, kusoma barua pepe na kuprinti. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, nami nikajikausha kwa kuwa mashine ilikuwa inafanya kazi. Mwanzoni mwa 2023 Chrome nayo ikaacha kuihudumia, toleo la 109 likawa la mwisho, na sasa tovuti moja baada ya nyingine zinanifungia mlango.

Nikaamua kuweka Windows 11. Nilipakua faili ya toleo la 24H2, nikaiandika kwenye flashi ya GB 16 kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi za usakinishaji, na pale Rufus inapouliza kama iondoe masharti ya TPM 2.0 (chipu ya usalama) na ya kiasi cha RAM nikaweka tiki, kwa sababu nilijua fika kwamba mashine hii haina TPM. Kompyuta inaiona flashi, nembo ya dirisha inatokea katikati ya skrini, kisha baada ya sekunde chache skrini inakuwa nyeusi na kompyuta inajiwasha upya. Hautokei ujumbe wa kosa wala namba yoyote ya kuitafuta mtandaoni. Nimeiandika flashi upya mara tatu, nikabadilisha flashi yenyewe, nikahama kutoka tundu la USB la mbele hadi la nyuma, na matokeo ni yale yale.

Kuna jambo la pembeni ambalo sijui kama linahusika: kila nikichomoa waya wa umeme ukutani, saa ya kompyuta inarudi Januari 2008 na inanilazimu kuandika tarehe kwa mkono.

Kiti_Kizunguzi

Pole sana, mkuu. Mimi nina mashine ya zamani yenye i5-2400, nayo haina TPM ya kutosha kama yako, lakini nilitumia Rufus hivyo hivyo na Windows 11 ikaingia bila shida. Kwa hiyo uzee wa kompyuta si hoja. Flashi nyingi siku hizi ni bandia, zinaandika GB 16 juu na ndani hazifiki hata nusu. Tafuta flashi ya kuaminika, ujaribu tena.

Waya_Mwekundu

Kabla hajahangaika na flashi ya tatu, ningependa mwanzisha uzi ajibu maswali mawili. La kwanza, flashi hiyo hiyo ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine mpya zaidi, inafika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha? Huna haja ya kusakinisha chochote huko. Ukifika hapo, zima. La pili, kwenye mashine yako, vile vidoto vinavyozunguka chini ya nembo vinatokea kabla haijajizima, au inajizima kabla ya vidoto? Halafu linganisha alama ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ya faili uliyopakua na ile iliyochapishwa kwenye ukurasa wa upakuaji. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili imeharibika na mengine yote hayana maana.

Mchapaji_wa_Usiku

Nimefanya yote. Kwenye kompyuta mpakato ya mwenzangu wa kazini flashi zote mbili zimefika kwenye ukurasa wa lugha bila kusita. Alama ya SHA-256 inafanana herufi kwa herufi. Kwenye mashine yangu vidoto havitokei kabisa. Nembo inakaa kama sekunde tano, kisha giza.

Bisibisi_Nyota

Basi flashi haina kosa, na kwa kweli hata kompyuta yako haina kosa katika hili. Imefikishiwa lugha ambayo haikuwahi kufundishwa.

Naomba nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotezana. Masharti ya Windows 11 yako ya aina mbili. TPM, kizazi cha prosesa na kiasi cha RAM ni mambo ambayo programu ya usakinishaji inayakagua mlangoni. Huyo ni bawabu, na Rufus inakupitisha pembeni yake. Aina ya pili haina bawabu. Kuanzia toleo la 24H2, kiini cha Windows kimeandikwa kwa kutumia agizo la prosesa linaloitwa POPCNT, ambalo kazi yake ni kuhesabu biti zenye thamani ya moja, pamoja na maagizo ya kundi la SSE4.2. E8400 ilitoka mwaka 2008 ikiwa na SSE4.1, nukta moja nyuma, na POPCNT haina. Kiini kinapoanza kupakiwa na kufika kwenye agizo hilo, prosesa haijui la kufanya, na mfumo haujafika bado mahali pa kuweza kuchora ujumbe wa kosa kwenye skrini. Ndiyo sababu unaona giza tupu. Barua iliyoandikwa kwa herufi usizozijua huisomi hata kama umeipokea kwa mlango wa nyuma.

Ndugu Kiti_Kizunguzi hajasema uongo. I5-2400 yake ni ya mwaka 2011, na maagizo hayo yalikwishaingia kwenye prosesa za Core i tangu zile za kwanza za mwishoni mwa 2008. Kwa hiyo mashine mbili ambazo sisi tunaziita "za zamani" kwa pumzi moja ziko pande mbili tofauti za mstari huo. Ukitaka kujihakikishia, fungua CPU-Z, programu ya kuonyesha sifa za prosesa, hapo kwenye Windows 7 yako, utazame safu ya maagizo: utaona SSE4.1, lakini SSE4.2 hutaiona.

Matoleo ya Windows 11 ya kabla ya 24H2 yangeweza kuwaka kwenye mashine yako, lakini 23H2 kwa watumiaji wa nyumbani iliacha kuhudumiwa Novemba 2025, hivyo utakuwa umehama kutoka nyumba inayovuja kwenda nyingine inayovuja. Windows 10 nayo ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya marekebisho kwa waliojiandikisha ilipangwa kukoma Oktoba 2026. Kwa kazi ulizozitaja, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ya mfululizo wa 22 yenye mandhari nyepesi ya Xfce, ambayo imeahidiwa marekebisho hadi 2029. Inahitaji RAM ya GB 2 kwa uchache, na GB 4 ndizo zinazopendekezwa, nawe unazo. Nyaraka zako zitafunguka kwa LibreOffice, ingawa zile zenye majedwali ya kujipinda pinda huenda zikahitaji kunyooshwa kidogo. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, kisha ufungue faili kadhaa ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala.

Kiti_Kizunguzi

Nimekaa. Kweli nilijibu haraka.

Mtoro_wa_Darasa

Kompyuta ya miaka yote hiyo si ya kuhangaikia, itupeni tu.

Waya_Mwekundu

Ameuliza namna ya kuitumia, ndugu yangu, hajauliza namna ya kuitupa.

Mchapaji_wa_Usiku

Nashukuru sana, hasa Bisibisi_Nyota. CPU-Z imeonyesha kama ulivyosema. Nimenakili nyaraka zangu na kuzifungua kwenye ile kompyuta mpakato, kisha nikaiandika Mint kwenye flashi. Imewaka mara ya kwanza, na nikaijaribu kwa saa nzima moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: intaneti ilifanya kazi na hata printa ikatambuliwa.

Sasa nimekwama mahali pengine. Nilipobonyeza kusakinisha na kuchagua diski yote ifutwe, kazi ilikwenda vizuri hadi katikati, kisha likaja dirisha lenye maandishi "[Errno 5] Input/output error". Maelezo yake yanasema huenda diski ni mbovu au imezeeka, na mwishoni yananishauri niihamishie kompyuta mahali penye ubaridi zaidi. Nilicheka, lakini nimerudia mara mbili na inasimama sehemu tofauti kila mara. Je, diski imekufa?

Bisibisi_Nyota

Kusimama sehemu tofauti kila mara ni habari njema kiasi, kwa sababu diski yenye doa bovu aghalabu hukwama pale pale. Yako matatu ya kupima: RAM, diski na njia iliyo kati ya diski na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Anza na RAM. Kwenye menyu inayotokea unapowasha kwa flashi ya Mint kuna chaguo la kupima kumbukumbu. Liache lifanye kazi usiku kucha, angalau limalize mzunguko mmoja mzima. Mstari mwekundu hata mmoja unatosha kuilaumu RAM, na hapo utachomoa kipande kimoja kimoja ili umjue mkosaji.

RAM ikiwa safi, washa Mint kutoka kwenye flashi, fungua programu ya kusimamia diski, uchague hadidiski yako na usome takwimu zake za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski yenyewe inaziweka kuhusu afya yake. Usidanganywe na neno la jumla linalosema diski ni nzima. Nenda kwenye namba tatu: 5, 197 na 199. Namba 5 inahesabu sekta zilizokwishahamishwa kwa ubovu, na 197 ni zile zinazongoja kuamuliwa. Hizo zikipanda, diski inaaga. Namba 199 ni tofauti kabisa: inahesabu data iliyochafuka ikiwa njiani, ndani ya kebo. Andika ilivyo, jaribu kusakinisha, kisha uisome tena.

Kuhusu saa yako, hiyo ni betri ya mazabodi, ile ya duara inayoitwa CR2032. Haikuhusika na Windows 11 kukataa, lakini itakusumbua huku, kwa sababu kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2008 itavikataa vyeti vya usalama vya tovuti na kusema kwamba masasisho bado hayajaanza kuwa halali. Ukishaibadilisha, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) uangalie kama diski iko kwenye AHCI, namna mpya ya mazabodi kuwasiliana na diski, kwani mipangilio huenda ilirudi ya kiwandani.

Mchapaji_wa_Usiku

Nina majibu. RAM ilipimwa saa tisa bila kosa. Namba 5 ni sifuri, 197 ni sifuri, na 199 ilikuwa 1,312. Nikajaribu kusakinisha, ikasimama kama kawaida, nikasoma tena: 1,349.

Nilifungua ubavu wa kasha. Kebo ya SATA ya diski ilikuwa imekunjwa kama karatasi nyuma ya kizimba cha diski, imebanwa na nyaya za umeme, na plastiki ya kichwa chake upande wa mazabodi ilikuwa imepasuka, kiasi kwamba ukiigusa kwa kidole inacheza. Sikuwa na kebo nyingine, hivyo nikachomoa ile ya kisomea DVD, ambacho sijakitumia kwa miaka, nikaihamishia kwenye diski. Nilipokuwa huko huko nikabadilisha betri, na kweli BIOS ilikuwa kwenye IDE, ile namna ya zamani, nimeiweka AHCI.

Usakinishaji umeisha kwa muda wa dakika arobaini hivi, bila kusimama. Namba 199 imebaki 1,349. Je, haitarudi sifuri?

Bisibisi_Nyota

Hairudi; ni kumbukumbu ya yaliyopita. Tazama tu isipande. Siku ukipata nafasi, weka SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) badala ya hiyo hadidiski. Hata kama SATA ya mazabodi yako ni ya gigabiti 3 kwa sekunde, tofauti utaiona tangu unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kuliko hata ungeongeza RAM.

Mchapaji_wa_Usiku

Nimekuelewa, mkuu. Jana usiku niliuchomoa waya ukutani makusudi. Asubuhi nimewasha, na saa imesoma sawasawa.