Farasi Wawili (ufunguzi wa chesi): mweupe akileta Ng5, tule d5 kwa farasi?

Kete_Umoja: Wadau, Jumamosi tuna mechi ya klabu hapa Nairobi, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Mpinzani wa ubao wa pili, mwenye kete nyeupe, hana siri: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni askari; x ni kula, + ni cheki). Kijana wetu anataka 5...Nxd5, arudishe askari wake papo hapo. Kwa mchezo wa haraka inaweza kupita?

Ngome254: Haipiti. 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+, malkia anagusa mfalme na farasi wa d5 kwa mpigo. Akikimbilia 7...Kg8, basi 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6 chekimeti. Akirudi Ke8, 8.Bxd5 inarudisha kete na Qf7 chekimeti inangoja. Imebaki 7...Ke6 tu, na baada ya 8.Nc3 mfalme amesimama katikati ya ubao huku farasi wake wa d5 amefungwa na askofu wa c4. Kompyuta huenda ikaponea hapo. Kijana aliyebakiza dakika 6, sidhani. Halafu mweupe ana hata 6.d4, ambayo wengi huiona kali zaidi.

Mwalimu_SouthB: 5...Na5, askari mmoja aende zake. 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6, kisha aangalie askofu anakwenda wapi.

8.Be2: h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 Bd6, kete za mweusi zinatoka haraka. Akiletewa 9.Nh3 ya bingwa wa zamani Steinitz, ile Bobby Fischer aliifufua 1963, asikimbilie Bxh3, acheze 9...Bc5 kwanza.

8.Bd3 ndiyo ya kujiandalia hasa. Inazuia e4, na wanaokariri hucheza h6 bila kufikiri, wakampa farasi e4 ya bure. Dawa ni 8...Nd5: njia ya malkia kutoka d8 hadi g5 imefunguka, farasi wa g5 lazima ajibu. 9.Nf3 Bd6, mambo sawa.

8.Qf3: Rb8. Mweusi akila askofu wa b5 badala yake, ngome ya a8 inaliwa.

Na yule farasi wa a5 asisahauliwe pembeni. Hurudi kupitia b7.

Kete_Umoja: Asante mwalimu. Na Traxler, yaani kujibu 4.Ng5 kwa 4...Bc5 badala ya d5?

Ngome254: 5.Nxf7 Bxf2+ ni tamu kwa watazamaji. Aliyejiandaa hucheza 5.Bxf7+ Ke7 6.Bb3: ana askari wa ziada, na mfalme wako hawezi tena kujificha nyuma ya ngome. Kama kijana hapendi Ng5 kabisa, acheze 3...Bc5. Pale f6 iko wazi, 4.Ng5 inaliwa na malkia.