Nimeteuliwa kwenda mafunzo ya mtaala na siwezi kwenda. Nikikataa nitachukuliwa hatua gani?

Chaki_Nyeupe
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mkoa naomba niuhifadhi. Juzi Mwalimu Mkuu kanikabidhi barua: nimechaguliwa kwenda mafunzo ya mtaala ulioboreshwa, siku tano, yanafanyika chuo cha ualimu huko mkoani. Nafundisha darasa la tatu, nina Historia ya Tanzania na Maadili na Sanaa na Michezo, kwa hiyo jina langu lisingekosa. Nikirudi natakiwa niwawezeshe wenzangu kwenye jumuiya ya ujifunzaji pale shuleni.

Shida ni kwamba wiki hiyo siwezi. Nina sababu za kifamilia. Swali langu ni hilo tu, mtumishi akishindwa kuhudhuria mafunzo anafanywa nini? Naomba wenye uzoefu. Matusi hapana, usingizi wenyewe sipati.

Siti_ya_Dirishani
Nimewahi. Endeleeni.

Neema_Tele
Pole sana mpendwa. Familia kwanza. Mungu amguse mgonjwa wenu, apone kabisa.

Mstaafu_Kigamboni
Walimu wa leo mnakataa mafunzo! Sisi baada ya Azimio la Musoma, 1974, tulichukuliwa vijijini na elimu yetu ya darasa la saba kwa sababu ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa wewe, jioni unasikiliza kipindi cha ualimu redioni na kitabu mkononi. Betri zikiisha unaenda kwa jirani mwenye redio, na yeye anataka taarabu. Hakuna aliyetuuliza kama tunaweza. Nimestaafu na wanafunzi wangu wengine ni madaktari.

kitochi_cha_zamani
Mzee na wale walimu wa voda fasta vipi, waliosomea ualimu mwezi mmoja? Mimi fizikia nilifundishwa na mmoja wao na mpaka leo umeme naogopa.

Ticha_Mnyonge
Mkuu usijiumize kichwa. Haya mafunzo mimi nimeyachoka. Mwanzoni MEWAKA, haya mafunzo endelevu ya walimu kazini, niliipenda kweli, walimu mnakaa wenyewe kwenye jumuiya, mnachagua mada inayowasumbua, mnasaidiana. Kwetu tuliwahi kuzungumzia watoto wa darasa la pili wasiojua kusoma na nikatoka na kitu cha maana. Siku hizi Afisa Elimu Kata akikaribia kuja tunaandika mihtasari ya vikao ambavyo havijafanyika, tunapiga picha tumezunguka meza. Kishikwambi changu, vile vilivyotoka kwenye sensa ya 2022, kioo kimepasuka na moduli zote ziko mtandaoni. Bado PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, nayo inanisubiri nijaze majukumu. Sasa nifundishe saa ngapi?

Wakili_wa_Kijiweni
Turudi kwenye swali jamani. Chaki, mafunzo kazini ni kazi. Barua ikishatoka kwa mwajiri ni agizo halali, si mwaliko wa harusi. Nidhamu ya walimu ipo chini ya Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu, Sura 448. Makosa mepesi Mwalimu Mkuu anayamaliza mwenyewe kwa onyo, mazito yanapanda Tume ngazi ya wilaya. Na kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa, unajua mwenyewe mwisho wake ni kufukuzwa.

Ila mwenye sababu ya kweli anaandika barua mapema, jina linabadilishwa, maisha yanaendelea. Ndiyo maana nauliza: hiyo sababu ya kifamilia ni ipi? Msiba? Mgonjwa? Uzazi? Kila moja ina utaratibu wake.

Chaki_Nyeupe
Asante Wakili. Si msiba wala ugonjwa, ni jambo linalohusu maendeleo ya familia. Kubadilisha jina ni ngumu kwa sasa maana hela ya kujikimu imeshaingia, nusu yake.

Siti_ya_Dirishani
Hapo sasa.

Wakili_wa_Kijiweni
Hela ipo au haipo?

Chaki_Nyeupe
Imetumika. Lakini si kwa starehe.

Mama_Kikoba
Kwenye kikundi chetu tulikuwa na mwenyekiti hivyo hivyo, kila hela aliyokula alikula kwa ajili ya maendeleo. Sasa hivi anauza mitumba Tunduma, simu hapokei.

Neema_Tele
Kumbe hakuna mgonjwa? Na mimi nimeshamwombea.

Chaki_Nyeupe
Jamani ngoja nieleze, naona mnanielewa vibaya. Nina diploma, nipo daraja la mshahara la TGTS C. Nilijiunga digrii ya elimu kwa masafa, najisomesha mwenyewe, na wiki ya mafunzo ndiyo wiki ya mitihani yangu. Hela ya kujikimu nililipia ada, bila kumaliza ada hupewi kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Nisipofanya nasubiri tena, na umri unaenda.

Nani kati yenu alipandishwa daraja kwa sababu alihudhuria semina? Nikimaliza digrii naomba kubadilishiwa muundo, mshahara unasogea. Semina inaniachia daftari na kalamu.

Ticha_Mnyonge
Hapo umeongea. Nina begi tano za semina, mshahara ule ule.

Mstaafu_Kigamboni
Maadili ya ualimu yamekufa. Na anafundisha somo la maadili!

HR_Mstaarabu
Mimi nipo utumishi kwenye halmashauri fulani. Mwalimu, jambo moja hujaligusa na ndilo kubwa. Ruhusa ya masomo unayo? Kila mwajiri ana mpango wa mafunzo wa mwaka. Unaomba, unaingizwa, unapewa barua. Bila hiyo barua, siku utakapoleta cheti chako cha digrii ofisini kwetu tutakupongeza na kukirudisha. Nimeona walimu wamelia mlangoni, wamesoma miaka mitatu kwa mkopo wa benki na muundo haubadiliki.

Chaki_Nyeupe
Niliomba kwa mdomo.

HR_Mstaarabu
Kwa nani?

Chaki_Nyeupe
Kwa Mwalimu Mkuu aliyekuwepo kabla ya huyu. Alisema soma tu, mambo mengine tutaona. Huyu wa sasa hajui. Ndiyo maana siwezi kumwendea nikasema nina mtihani.

Anyway mpango nimeshaupata, nilitaka tu kujua hatari yake. Kuna mwenzangu amekubali kwenda badala yangu. Atasaini kwa jina langu, akirudi ananipa notisi, mimi naendesha kikao cha jumuiya. Kitaalamu shule haijapoteza chochote.

kitochi_cha_zamani
Kitaalamu 😂😂😂

Wakili_wa_Kijiweni
Uliingia na utovu mdogo wa nidhamu, unaondoka na udanganyifu. Fomu ya mahudhurio ina cheki namba, ile namba yako ya utumishi. Ina sahihi ambayo ipo kwenye jalada lako. Na waratibu wa mkoa wanapiga picha kila siku wapeleke kwenye ripoti. Huyo mwenzako naye ni mtumishi, siku hizo atakuwa ametoroka kituo chake?

Chaki_Nyeupe
Yeye hana cheki namba. Ni mwalimu wa kujitolea hapo shuleni.

Fundi_Saikolojia
Oya wote simameni kidogo. Hii ni CHAI. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Nimekaa uhasibu, tangu lini posho inaingia KABLA ya mafunzo? Watu wanadai za mwaka juzi. Pili, mleta uzi ameanza na ugonjwa wa familia...

Chaki_Nyeupe
Sikusema ugonjwa.

Fundi_Saikolojia
...akaja ada, akaja digrii, sasa kuna mwalimu wa kujitolea. Kila tukiuliza mhusika mpya anaingia. Akaunti ina wiki mbili. Huyu ama anatunga ama ni afisa elimu anawatega mseme mnavyoghushi mihtasari ya MEWAKA. Ticha Mnyonge umeshajichongea.

Ticha_Mnyonge
Yale niliyoandika ni mfano tu. Shuleni kwetu vikao vinafanyika kila wiki.

Siti_ya_Dirishani
😂 Ticha amekimbia na viatu kaacha.

Mama_Kikoba
Mimi naona ni kweli. Mtu anayetunga angejipendelea kidogo.

Chaki_Nyeupe
Mafunzo ni ya mradi, si ya halmashauri. Waandaaji walichukua namba za akaunti wakatuma nusu ya kwanza, nyingine siku ya kufunga. Akaunti ni mpya kwa sababu ya zamani inajulikana na walimu wenzangu. Anayeona ni chai asinywe.

Fundi_Saikolojia
Haya, niambie ndani ya kile kitabu cha darasa la tatu cha Historia ya Tanzania na Maadili kuna nini.

Chaki_Nyeupe
Kwetu kitabu ni kimoja, anacho mwalimu, yaani mimi. Watoto naandika ubaoni. Unataka nikupigie picha ubao?

Digrii_Ukutani
Nimekuwa nasoma tu, ila hapa naomba niseme. Mimi ni huyo mwalimu wa kujitolea. Si wa kwako, ila ndiye. Nilihitimu 2018, nafundisha darasa la nne na la sita, wazazi wanachangishana ndiyo napata hela ya sabuni. Mafunzo yakija mimi sipo kwenye orodha, mtaala mpya niliusoma kwenye simu.

Nauliza kitu kimoja. Hela ya kujikimu umelipia ada. Huyo unayemtuma atalala wapi siku zote hizo? Atakula nini?

Chaki_Nyeupe
Nimempa nauli. Ana shangazi yake huko mjini. Na nusu ya pili ikiingia nitamtoa kitu.

Digrii_Ukutani
Utamtoa kitu.

Chaki_Nyeupe
Amekubali mwenyewe, sijamlazimisha. Tena alifurahi, alisema angalau atayajua hayo mambo mapya.

Digrii_Ukutani
Lazima akubali. Kesho ajira zikitangazwa anahitaji barua ya kumtambua kwamba alijitolea. Atakukatalia vipi wewe uliye karibu na ofisi? Akikamatwa, wewe unapewa onyo, yeye anaambiwa asikanyage tena shuleni. Na cheti cha ushiriki kitatoka na jina lako.

Wakili_wa_Kijiweni
Chaki, njia ipo, haina utamu tu. Nenda kwa Mwalimu Mkuu kesho, mwambie una mtihani, mwombe huyo kijana aende kwa jina lake mwenyewe na apewe hiyo hela, uliyokula wewe uirudishe kwa makubaliano. Akikataa, ahirisha mtihani kwa barua, vyuo vina utaratibu huo. Ruhusa ya masomo anza kuiomba sasa, usisubiri kuhitimu.

HR_Mstaarabu
Sahihi. Mkubwa wako akisikia kwako mwenyewe, ataandika karatasi moja. Akisikia kwa mratibu wa mafunzo, jalada linakuja mezani kwetu.

Mstaafu_Kigamboni
Enzi zetu angehamishiwa mpakani.

kitochi_cha_zamani
Mzee sasa hivi watu wanaomba uhamisho wenyewe kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa mtandaoni, na hawahamishwi.

Chaki_Nyeupe
Nimewasoma wote, asanteni, hata mlionikejeli. Mwalimu Mkuu nitamwona, ila si kesho, kesho kuna ugeni. Na yule kijana ameshakata tiketi, nikimwambia asiende nitamvunja moyo, ngoja aende siku mbili za kwanza tuone.

HR, samahani, una mfano wa barua ya kuomba ruhusa ya masomo? Nataka niiandike usiku huu. Halafu nikiiandika tarehe ya mwaka jana, ile ya kipindi cha Mwalimu Mkuu wa zamani, masijala watajua?

HR_Mstaarabu
Mimi nimetoka kwenye huu uzi.

Wakili_wa_Kijiweni
Mods fungeni kabla sijaitwa shahidi.