Mrejesho: kondoo wetu wa Kabare waliokuwa wanachechemea

Ndugu zangu, asanteni sana. Mvua za Septemba zilipoanza niliuliza kwa nini kondoo wetu wa Kabare, karibu na Bukavu, wanachechemea, na kama manyoya yao yanafaa kufumia sweta.

Ulikuwa ni ugonjwa wa kuoza kwato, kama wengi mlivyosema. Ukitenganisha kwato unakuta ngozi nyeupe, imelainika, inanuka vibaya. Daktari wa mifugo alizipunguza kwato, kisha tukawapitisha kwenye maji ya salfeti ya zinki, kilo 1 kwa lita 10, wakasimama pakavu mpaka miguu ikauke. Mrututu (salfeti ya shaba) tuliuacha kabisa: shaba ni sumu kwa kondoo, na mwenye kiu hachagui maji. Zizi tumeliinua kwa mbao. Wote wanatembea vizuri isipokuwa jike mmoja mzee, bado tumemtenga.

Sufu ya sweta, hapana. Kondoo wa kwetu wana nywele fupi na ngumu, hazisokoteki. Mama mkwe amesikitika kuliko mimi! Uzi nitaendelea kununua hapa Bukavu, soko la Kadutu, na dume tutakayemuuza Noeli ndiye atakayeulipia.