Mjadala: Je, kampuni chipukizi ya teknolojia ya Mombasa ni lazima ihamie Nairobi?

Ndugu zangu, hoja iliyo mbele yetu ni kama kijana wa Mombasa anayeanzisha kampuni ya teknolojia anapaswa kuihamishia Nairobi mapema, na kufikia sasa majibu yamekwenda pande mbili. Ndugu aliyefungua mjadala ameshikilia kwamba wawekezaji, mawakili wanaozijua kazi hizi na wahandisi wa programu wako Nairobi, akamalizia kwa kusema asiyekuwapo na lake halipo. Dada aliyemjibu anataka tubaki, lakini tuisubiri serikali ya kaunti itujengee kituo kikubwa na kutenga fedha za vijana. Mimi nasema tubaki, ila kwa sababu nyingine kabisa: wateja tunaoweza kuwahudumia vizuri kuliko mtu yeyote wako hapa, na fedha yao ndiyo inayopaswa kuiendesha kampuni katika miaka yake ya kwanza.

Kuna ukweli katika maneno ya ndugu yetu. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilianzia Nairobi mwaka 2008, iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ikafunguliwa 2010, na tangu hapo fedha za wawekezaji wa nje zimezoea kushukia huko. Makao makuu ya benki nyingi na ya kampuni za simu yako huko vilevile, na anayetaka kuziuzia programu hana budi kusafiri mara kwa mara. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kudhani kwamba kuwa karibu na mwekezaji ni sawa na kuwa karibu na mnunuzi. Kune, iliyouza chakula kilichopikwa, ilifungwa mwaka 2022, mwaka mmoja tu baada ya kupata dola milioni 1; Sendy ya usafirishaji wa mizigo ikafuata 2023; na Copia, iliyowauzia bidhaa watu wa vijijini na iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100, ikawekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Sizitaji kwa kuzibeza, kwani kila moja iliajiri watu na kujaribu kazi ngumu. Nazitaja kwa kuwa zote zilikuwa na makao Nairobi, mtaji zilipata, na mtaji mwingine ulipokosekana, walichokuwa wakilipa wateja hakikutosha kuziweka hai.

Sasa tuingie katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Karani ana simu mbili na rundo la mafaili, na nambari za makontena anatumiwa kwa picha za WhatsApp, nyingine zimepigwa usiku na hazisomeki vizuri. Kila nambari ina herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo programu ndogo tu inaweza kutambua papo hapo kwamba pana kosa, kama la kuandika 6 mahali pa 8. Karani hana programu hiyo. Anakosea tarakimu moja, hati inarudishwa, anaanza kupiga simu, na huku kampuni ya meli inahesabu ada ya ucheleweshaji kwa siku na kwa dola. Mifumo ya serikali ipo, ya KenTrade, shirika la mfumo wa pamoja wa hati za biashara ya nje, na ya KRA, mamlaka ya kodi, lakini kazi inayofanyika kati ya mfumo mmoja na mwingine bado iko mikononi mwa karani huyo. Kumsaidia hakuhitaji mamilioni ya mtaji. Kunahitaji kijana atakayekaa kando yake mpaka jioni, wiki baada ya wiki, aone anapokwama, kisha amuuzie mwajiri wake huduma kwa malipo ya kila mwezi. Kijana huyo akihamia Nairobi, atakuwa ameondoka penye kazi.

Hata M-Pesa ilipata sura yake kwa namna hiyo. Majaribio ya mwaka 2005 yalilenga kuwarahisishia watu kulipa mikopo midogo; watumiaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, waliokuwa wakiwatazama wakaliona hilo, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma pesa nyumbani.

Isitoshe, Mombasa inajua uchungu wa kazi kuhamishwa. Mwaka 2019, mizigo ilipoagizwa kwenda bara kwa reli, madereva, makanika na mama ntilie wa Changamwe na Miritini waliumia, watu wakaandamana, na ni Septemba 2022 ndipo uondoshaji wa mizigo uliporudishwa hapa kwa agizo la rais. Itasikitisha sisi wenyewe tukihamisha kwa hiari kazi zinazoweza kuzaliwa bandarini.

Kwa dada yetu: majengo si haba. Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa, iko jirani na Fort Jesus, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Ninachokitaka kwa kaunti ni inunue na ilipe kwa wakati. Tangu 2013 kuna mpango wa AGPO unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini kampuni yenye wafanyakazi wanne ikishinda zabuni, ikafanya kazi, kisha ikangoja malipo miezi na miezi, itafungwa huku inadai. Kaunti ikijifunga kisheria kulipa ankara za kampuni ndogo ndani ya siku 30, itakuwa imetusaidia kuliko kwa kukata utepe.

Linabaki suala la mtaji, na hapa naomba tusiharakishe. Wengi wetu ni Waislamu, na mkopo wa kugeuzwa hisa ambao una riba ndani yake hatuugusi. Y Combinator, kampuni ya Marekani inayokuza kampuni chipukizi, ilitoa mwaka 2013 mkataba wa SAFE, ambao mwekezaji hutoa fedha sasa ili apate hisa baadaye, nao hauna riba, kwa hiyo si kweli kwamba kila mlango umefungwa. Lakini tuna njia yetu ya zamani zaidi. Katika mudaraba mmoja hutoa fedha na mwingine kazi, faida hugawanywa kwa kiwango walichoafikiana, na hasara ya fedha humwangukia mwenye fedha ikiwa mwenzake hakuzembea. Katika musharaka wote huweka mtaji, na kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya alichoweka. Wafanyabiashara wa mji huu wanaielewa mikataba hii tangu utotoni, na benki zinazofuata sharia zimekuwapo nchini tangu 2008. Bado fedha za wafanyabiashara hao huishia kwenye viwanja na nyumba za kupangisha, na siwalaumu, kwa sababu kiwanja wanakiona, ilhali kijana wa programu huwaletea maelezo ya kurasa nyingi yasiyosema mwenye fedha atatokaje na chake. Mwanzilishi akiandika wazi kwamba atanunua sehemu ya mshirika wake kidogo kidogo kutokana na faida, na bei itapatikana vipi, mazungumzo yatabadilika.

Ugumu ninaouona uko katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, wakati faida haijapatikana na mwanzilishi naye anahitaji kula. Je, posho yake ihesabiwe kuwa gharama za biashara, au itolewe katika sehemu yake ya faida ya baadaye? Wanaoijua fiqhi ya biashara, na walioingia mikataba ya namna hii hapa Mombasa, naomba mtueleze mlikiandikaje kifungu hicho.