Cherehani cha marehemu mama kimeganda, ndugu wanataka kiuzwe chuma chakavu. Nifanyeje?

Dada wa Tukuyu
Bwana asifiwe wapendwa. Mama alifariki mwezi wa tatu. Mwaka wake wa mwisho hakushona, macho yalishamkatalia, kwa hiyo cherehani chake cha miguu kilikaa barazani. Mnaoijua Tukuyu mnaijua mvua yake. Pedeli imeshika kutu, ubao umevimba kona moja, na gurudumu la mkono halizunguki kabisa. Nimetia mafuta ya alizeti mara tatu nne, ndiyo kwanza limezidi kuganda.

Hicho ndicho kilichotusomesha sisi sita. Joho za kwaya, sare za shule, mashuka ya maharusi. Upande wa kulia wa ubao kuna kibonde, pale alipokuwa anaegemeza kiganja akikata uzi. Nikipitisha kidole hapo, nalia.

Kaka zangu wamempata mnunuzi, anatoa elfu 30. Mzee wa kanisa aliyekuja kutufariji akaniambia nimefungwa na vitu vya dunia, nikasome Mathayo 6 habari ya nondo na kutu. Nimesoma, na usingizi umekata. Kukililia chuma ni kupungukiwa imani? Na nikubali kiuzwe?

Mtumishi asiye na cheo
Pole sana dada. Andiko ni sahihi, ila mzee amelipeleka kwenye msiba usio wake. Pale Yesu anasema na mtu anayelimbikiza akidhani mali itamlinda. Wewe umeachiwa chombo cha kazi.

Soma 2 Timotheo 4. Paulo amefungwa, anajua siku zake zimekwisha, ameshasema imani ameilinda. Mistari michache mbele anamwomba Timotheo amletee lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Tena ajitahidi afike kabla ya wakati wa baridi. Joho kuukuu! Angeweza kusema joho ni la dunia, kwake liko taji. Alisikia baridi, akataka joho lake, na hakuna aliyemwambia imani yake imepungua.

Kinyozi wa Mabatini
Mimi mpaka kidato cha pili nilijua nondo ya Mathayo ni hii ya kujengea. Nondo na kutu, nikaona mantiki kabisa, kumbe ni mdudu anayekula nguo 😂 Usiuze dada. Elfu 30 mkigawana sita ni elfu tano tano, nauli ya kwenda kugombana.

Bibi Kanga
Mwanangu, na Dorkasi je? Matendo 9, kule Yafa. Amekufa, wajane wanalia huku wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Petro hakuwaambia acheni kulilia matambara.

Simba77
@Bibi Kanga shikamoo, lakini Petro aliwatoa wote nje kwanza, ndipo akapiga magoti 🙂

Mimi niko na mzee. Baba alipofariki tuligombea baiskeli yake miaka minne. Imeozea nyuma ya nyumba ya shangazi, tairi zimeliwa na jua, na mpaka leo mimi na kaka hatusalimiani. Sasa nani alimuenzi baba hapo? Dada, kama kitaleta maneno, kiondoke mapema.

Bibi Kanga
@Simba77 Marahaba. Baiskeli haikuwagombanisha, mwanangu. Mpigie kaka yako.

Fundi wa Kona
Nyie hubirini, mimi nijibu la gurudumu. Dada, alizeti ndiyo iliyokigandisha. Mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma yanakuwa gundi. Hicho hakijafa.

Toa mkanda. Fungua bamba la chini ya sindano, ondoa vumbi na nyuzi zote, angalia na nyuma ya gurudumu, uzi hupenda kujiviringisha hapo. Halafu mafuta ya taa, tone moja moja kila tundu la mafuta, ukae mbali na jiko. Acha usiku kucha. Asubuhi jaribu taratibu, kwenda na kurudi, USILAZIMISHE, utavunja meno ya ndani. Kikilegea, futa, weka mafuta ya cherehani yenyewe. Mkanda mpya wa ngozi utaupata, si ghali.

Mtumishi asiye na cheo
@Fundi wa Kona hata moyo ukitiwa mafuta yasiyo yake…

Fundi wa Kona
@Mtumishi asiye na cheo Mkuu, acha kwanza kizunguke.

Dada wa Tukuyu
Asanteni nyote. Nimefungua jana jioni. Chini ya bamba nimekuta uzi wa zambarau, ule wa joho za kwaya, umejisokota na vumbi mpaka umekuwa kama pamba. Nimeufunga kwenye leso. Kaka mkubwa alikuja kunishikia tochi, habari ya mnunuzi hakuitaja, na mimi sikuuliza. Leo asubuhi gurudumu limekwenda nusu mzunguko, likagoma.

Fundi wa Kona
Nusu ni nyingi. Ongeza matone, lala tena usiku mmoja. Na kaka asije akalitia nguvu.