Je, kicheko kinawadhalilisha wafanyakazi jukwaani?

Swali: Ndugu zangu, kikundi chetu hapa Mukuru, Nairobi, kinaandaa tamthilia ya kuchekesha, ingawa ni chungu, kuhusu vibarua wa kiwanda waliokatishwa tamaa na wanasiasa, wakaingia barabarani. Mwenzetu anahofia kwamba tutawadhihaki walioumia. Mnaonaje?

Jibu: Katika mchezo wa Dario Fo, mwandishi wa tamthilia wa Kiitalia, ulioigizwa Milan mwaka 1974, bei zikiwa zimepanda, mwanamke anaficha chakula kisicholipiwa chini ya koti, na mfanyakazi anayejivunia uaminifu wake kwa chama cha Kikomunisti anaambiwa kuwa hiyo ni mimba. Hadhira inacheka upofu wa huyo bwana, wala haiicheki njaa.

Jibu: Nakubaliana nawe, dada. Mimi nimesimama langoni saa kumi na mbili asubuhi, msimamizi akahesabu vichwa kwa kalamu, akafunga lango nikiwa nimebaki wa kwanza nje. Wekeni lango hilo jukwaani.