Je, ni sawa kusoma madeni ya ahadi mbele ya ibada?

Mhazini wa Mtaa
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mhazini wa mtaa mmoja wa Kilutheri katika miteremko ya Kilimanjaro, na kwa miaka sita nimehesabu sadaka pamoja na wazee wawili kila Jumapili. Tangu tuanze ujenzi wa kanisa jipya, uongozi wetu umeagiza kwamba kila mwisho wa mwezi yasomwe majina ya walioahidi, kiasi walichotoa na kiasi wanachodaiwa. Makusanyo yamepanda, hilo siwezi kulikataa. Lakini yupo bibi mmoja mjane aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi, na ambaye sadaka yake ilikuwa mayai aliyoyaleta katika kikapu kilichotandikwa majani makavu ya mgomba, yakauzwa mnadani baada ya ibada. Jina lake liliposomwa miezi miwili mfululizo kuwa anadaiwa shilingi 40,000, aliacha kuja. Ufagio wake bado umeegemezwa nyuma ya mlango wa sakristia. Najiuliza kama utumishi wa namna ile hauhesabiwi kuwa utoaji, na kama mimi niliyeuandika ule mstari katika daftari sina sehemu yangu katika kuondoka kwake.

Mwinjilisti Mstaafu
Asifiwe milele, mwanangu. Soma tena 2 Wakorintho 8 na 9, ambako Paulo anahimiza changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Ni kweli aliwachochea Wakorintho kwa mfano wa makanisa ya Makedonia, lakini hakutaja jina la mtoaji hata mmoja, wala kiasi. Alichokisifu ni kwamba watu wale, katika umaskini wao mkubwa, waliomba wenyewe waruhusiwe kushiriki. Kisha akasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Deni linalosomwa mbele ya majirani na wakwe ni lazima, hata tukiliita ahadi.

Mzee wa Kanisa, Dodoma
Shikamoo, mwinjilisti. Naomba kutofautiana nawe kidogo. Katika Matendo 4 Barnaba anatajwa kwa jina kwamba aliuza shamba akaleta fedha miguuni pa mitume, kwa hiyo kumtaja mtoaji si dhambi. Nimewahi kuhudumu katika usharika ambao hapakusomwa chochote kwa miaka mitatu, na siku hesabu zilipofunguliwa, fedha za mabati hazikuonekana. Watu walioumia zaidi siku ile walikuwa wajane walewale, maana walikuwa wametoa wakiamini. Mtu akisikia jina lake anajua kwamba alichotoa kimefika.

Mama wa Kwaya
Habari ya mjane na senti zake mbili tumezoea kuianzia Marko 12:41, ilhali mistari michache kabla yake Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Tukianzia huko, hatuwezi tena kumtumia mjane yule kuwa fimbo ya kuwahimiza wajane wengine. Tena tunaponukuu Malaki kuhusu zaka, tukumbuke Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambapo zaka ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale wakashibe. Kwa utaratibu huo bibi huyo angekuwa anapokea. Ila ndugu mhazini, tafadhali usiende kumwambia kwamba kufagia kwake kumelipa deni. Hakufagia ili alipe kitu, na ukimpigia hesabu ya ufagio utakuwa umemwandika daftarini mara ya pili.

Mwinjilisti Mstaafu
Marahaba, mzee wangu wa Dodoma, nami nakubali kwamba giza la hesabu ni baya. Lakini tazama Paulo alivyolishughulikia jambo hilo: alisafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asimlaumu kwa habari ya karama ile. Uwazi aliwadai wanaoshika fedha. Mpe kila mtoaji risiti yake, bandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo hadi bei ya msumari, na la deni liachwe kati ya mtu na Mungu wake.

Mhazini wa Mtaa
Nawashukuru sana, na neno la mama limenizuia, kwa kuwa ndilo hasa nililokuwa nimepanga kumwambia bibi. Nimeomba nafasi katika kikao cha wazee ili pendekezo la risiti na ubao lijadiliwe, na usomaji wa madeni usimame hadi hapo. Jumamosi nitakwenda kwake pamoja na mzee wa jumuiya yake, si kwa habari ya ahadi, bali kumwomba radhi kwa mwandiko wangu. Mke wangu ameshafunga kilo mbili za sukari na mche wa sabuni.